Barua ya chifu haitoshi: vibali vya kuchangisha pesa hadharani Mombasa

Vikundi vingi vya mtaani Mombasa huingia barabarani na karatasi moja mkononi, barua ya chifu yenye muhuri, wakiamini kwamba hiyo ndiyo ruhusa. Askari wa kaunti huwasimamisha Digo Road, akaisoma ile barua mpaka mwisho, akawarudishia na kuwaambia wakalete kibali. Hapo ubishi huanza. Vijana wanasema wanaonewa, askari anasema anafanya kazi yake, wapita njia wanakusanyika, na mtu aliyekuwa tayari ameshatoa noti ya mia anairudisha mfukoni.

Askari yule ana haki, na chifu naye hakukosea. Barua ya chifu yasema: mtu huyu namjua, anaishi katika eneo langu, na shida anayoieleza ni ya kweli. Haisemi kwamba mtu huyo anaruhusiwa kusimama na kopo mbele ya watu asiowajua. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na kuyachanganya ndiko kunakowaponza watu wenye shida za kweli. Tapeli hasumbuliwi na vibali. Yeye hughushi kadi na muhuri, akahamia mtaa mwingine jioni. Anayeumia ni mama wa Bombolulu ambaye mwanawe anahitaji upasuaji, na majirani zake wanaotaka kumsaidia kwa njia iliyonyooka.

Kwa hivyo tuanze na jambo la msingi. Hakuna karatasi moja ambayo ukishaipata umemaliza. Kuna maswali manne, na kila swali lina ofisi yake: nyinyi ni nani, mnachangisha kwa ajili ya nini, mtasimama wapi, na mtafanya kwa njia gani. Watu wakikwama, mara nyingi ni kwa sababu wamepeleka swali la ofisi moja kwenye ofisi nyingine, wakajibiwa "hapa sipo," wakadhani wamefukuzwa.

Kabla ya hayo yote, jiulizeni kama mnahitaji kibali kweli. Mchango wa ukoo kwa ajili ya matanga au harusi, kundi la WhatsApp la watu waliosoma pamoja wakimchangia mwenzao, chama cha akina mama wakitoa kutoka mifukoni mwao, hayo ni mambo ya watu wanaojuana, na hayaendi kwa mtu yeyote kuombewa ruhusa. Sadaka inayokusanywa ndani ya msikiti au kanisa iko mikononi mwa kamati ya msikiti au uongozi wa kanisa, na hao ndio wa kuzungumza nao. Mpaka unavukwa pale mnapoanza kumwomba mtu msiyemjua na yeye asiyewajua. Sanduku lililokuwa ndani ya msikiti likishatolewa likawekwa kando ya barabara ili kila apitaye atie chochote, limeshakuwa la umma.

Sheria inayotawala hapo ni Sheria ya Makusanyo ya Umma, Sura ya 106 ya Sheria za Kenya. Ni sheria kongwe, na imekusudiwa jambo moja tu: kusimamia ukusanyaji wa pesa na mali kutoka kwa umma. Zingatia hilo la mali. Mkikusanya nguo, mchele, unga au mikebe ya maziwa kwa waliokumbwa na mafuriko, mmo ndani ya sheria hiyo kama vile mngekuwa mnakusanya shilingi. Wengi hudhani kwamba maadamu hawashiki pesa hawahusiki.

Wazee wetu wanaikumbuka sheria hii kwa jina la DC. Zamani za harambee za shule na zahanati, kadi za mchango zilikuwa zikizunguka zikiwa na muhuri wa ofisi ya mkuu wa wilaya, na mtu alikuwa akitazama muhuri kwanza kabla ya kuandika jina lake. Baada ya Katiba ya 2010 wilaya ziliondoka, lakini utawala wa serikali kuu ulibaki, na yule DC leo ni Naibu Kamishna wa Kaunti. Mombasa ina kaunti ndogo sita: Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu. Mlango wa kubisha ni wa ofisi ya Naibu Kamishna wa kaunti ndogo mnakotaka kuchangisha. Ikiwa mwaishi Kisauni lakini mwataka kusimama Marikiti, basi ofisi ya Mvita nayo lazima ijue, kwa sababu ndiyo itakayopigiwa simu pindi kukitokea malalamiko. Mkitaka kuzunguka mji mzima, semeni hivyo tangu siku ya kwanza, mpelekwe kwa Kamishna wa Kaunti. Kuomba eneo dogo kisha kujipanulia ni njia ya haraka ya kunyang'anywa kibali.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, maana kuna Kamishna wa Kaunti na kuna Serikali ya Kaunti, na majina yanafanana. Kamishna ni mtu wa serikali kuu, anatoka Wizara ya Usalama wa Ndani. Serikali ya Kaunti ni ya gavana na bunge la kaunti. Mmoja anahusika na swali la kuchangisha, mwingine anahusika na mahali mtakaposimama. Askari aliyewazuia Digo Road ni wa gavana. Ruhusa ya kamishna haimwambii chochote kuhusu ile njia ya waendao kwa miguu mliyoiziba na meza yenu.

Swali la nyinyi ni nani lina majibu matatu ya kawaida. Mkiwa kikundi cha mtaani, njia yenu ni Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022, inayotaka watu wasiopungua kumi, na mnajisajili kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii. Mkiwa shirika kubwa zaidi lenye miradi ya kudumu, kama vile kituo cha watoto mayatima, basi ni Sheria ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ya 2013, ambayo ilikaa zaidi ya miaka kumi bila kuanza kutumika mpaka tarehe 14 Mei 2024, ilipochukua nafasi ya sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya 1990. Jibu la tatu ni la mtu mmoja au familia moja isiyo na usajili wowote. Familia yaweza kuomba, lakini nawashauri kwa dhati watafute kikundi kilichosajiliwa kiwasimamie. Mzazi aliye na mtoto wodini hana nafasi ya kupanga foleni kwenye ofisi tatu, na pesa zinazopita mikononi mwa watu watatu wenye vyeo vilivyoandikwa huulizwa maswali machache kuliko zinazoingia moja kwa moja kwenye simu ya baba. Cheti cha usajili pekee nacho si kibali. Nimesikia mara nyingi, "sisi tumesajiliwa, tuna haki." Usajili unawapa uhai tu, na kuchangisha hadharani bado kunaombewa.

Swali la mahali ndilo lenye mambo mengi zaidi Mombasa, kwa kuwa mji huu ni mdogo na kila futi yake ina mwenyewe. Kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, masoko, barabara za kaunti, bustani na fukwe ni mambo ya kaunti. Kwa hivyo Kongowea, Marikiti na bustani ya Uhuru pale penye Pembe za Ndovu huombewa kwa kaunti, na ada zake ziko katika Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo hubadilika, kwa hivyo ulizeni kiwango cha mwaka huu wala msitegemee cha rafiki yenu wa mwaka jana. Mkilipa, lipeni kwa njia rasmi ya kaunti na mchukue risiti. Msimpe mtu pesa mkononi, hata kama amevaa sare.

Sokoni kuna jambo moja zaidi ambalo halikuandikwa popote: kamati ya wafanyabiashara. Kibali cha kaunti kinawaruhusu kuingia Kongowea, lakini mkisimama mbele ya meza ya muuza nyanya saa kumi na mbili asubuhi, wakati magari ya mizigo yanashusha, mtakuwa mmemharibia mtu riziki yake ili kumsaidia mtu mwingine. Nendeni siku moja kabla, mkamsalimie mwenyekiti wa soko, mkamweleze. Atawaonyesha pa kusimama na saa ya kuja, na huenda yeye mwenyewe akawa wa kwanza kutoa.

Kivuko cha Likoni kinawavutia wachangishaji wote, na sababu ni wazi: maelfu ya watu kwa miguu, wote wakisubiri feri, wote wakiwa na dakika chache za kusikiliza. Lakini kivuko si barabara ya kawaida. Kiko chini ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya na kina ulinzi wake, na barua ya kaunti haifui dafu pale getini. Ombeni kwa wenye kivuko, tena mapema, na mkikataliwa msibishane, kwani usalama wa watu wanaokanyagana kuingia ferini ni hoja ya kweli. Fort Jesus vivyo hivyo, ndani ni kwa Makavazi ya Taifa, nje barabarani ni kwingine. Maduka makubwa na vituo vya mafuta ni mali ya watu binafsi, kwa hivyo barua ya meneja lazima iwepo, na ikae kwenye faili moja na kibali.

Polisi nao wanaingia pale mnapotembea. Matembezi ya hisani, wanafunzi na mabango kutoka Tononoka hadi Treasury Square, ni maandamano machoni mwa Sheria ya Utulivu wa Umma, Sura ya 56. Sheria hiyo haiwataki muombe ruhusa, inawataka mtoe taarifa kwa OCS, yaani mkuu wa kituo cha polisi, wa eneo, kwa maandishi, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya siku yenyewe, na yafanyike kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Pelekeni nakala mbili, moja ibaki kituoni na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa mrudi nayo. Kipaza sauti ni ombi la peke yake, maana udhibiti wa kelele ni kazi ya kaunti. Karibu na Hospitali Kuu ya Pwani pale Makadara msiombe hata kidogo. Wagonjwa wanalala.

Sasa barua yenyewe. Naona watu wakiandika kurasa mbili za huzuni na mstari mmoja wa ukweli. Afisa anayesoma barua kama hizo kila wiki anatafuta mambo machache, na akiyapata kwenye ukurasa wa kwanza kazi yenu inakuwa rahisi. Anataka kujua jina la kikundi na namba ya usajili. Anataka kujua pesa ni za nini hasa: "kumsaidia mtoto" haitoshi, lakini "bili ya upasuaji wa moyo, makadirio ya hospitali yameambatishwa" inatosha. Anataka kiasi kinacholengwa kwa shilingi, tarehe ya kuanza na tarehe ya kumaliza, maeneo kwa majina yake, idadi ya watakaobeba makopo pamoja na namba zao za vitambulisho, na namba ya akaunti ya benki au Paybill, namba ya M-Pesa ya kupokelea malipo, itakayotumika. Kisha ambatisheni ile barua ya chifu, makadirio ya hospitali yenye muhuri, na kumbukumbu za kikao ambacho kikundi kiliamua kuchangisha. Hapa ndipo barua ya chifu inapofanya kazi yake: inathibitisha shida, inampa Naibu Kamishna mtu wa kumuuliza.

Tarehe ya mwisho ni muhimu kuliko mnavyodhani. Mchango usio na mwisho huzua minong'ono hata kama ni wa haki. Andikeni wiki mbili au mwezi, na mkihitaji zaidi mrudi mkaombe tena mkiwa na hesabu ya kipindi cha kwanza. Afisa akiona hesabu safi, mara ya pili huwa nyepesi.

Katika pesa, nitakaa kidogo, kwa kuwa hapa ndipo wema huharibika. Siku hizi wengi hutoa kwa simu, na kosa la kawaida ni kutumia namba ya mtu binafsi. Kwanza, mtoaji anaona jina la mtu asiyemjua na anasita. Pili, akaunti ya M-Pesa ya mtu binafsi haiwezi kubeba zaidi ya shilingi 500,000 kwa wakati mmoja, na bili za hospitali hupita hapo upesi. Tatu, pesa za mchango zinachanganyika na za sukari na nauli, na hata mtu mwaminifu kabisa hataweza kuzitenganisha baada ya wiki. Kikundi kilichosajiliwa chaweza kupata Paybill kwa jina lake, ikiunganishwa na akaunti ya benki ambayo haitoi pesa mpaka watu wawili au watatu watie sahihi.

Makopo yana adabu yake. Kopo lifungwe kabla ya kutoka, kwa utepe uliotiwa sahihi na watu wawili, na liwe na namba. Anayelibeba avae beji yenye jina la kikundi na picha yake, na nakala ya kibali awe nayo shingoni au mfukoni, si kwamba "mwenyekiti anayo nyumbani." Jioni makopo yote hurudi mahali pamoja. Mnakaa mezani watu wasiopungua watatu, mmoja akiwa nje ya kikundi, imamu au mchungaji au mzee wa mtaa. Kopo namba moja linakatwa utepe mbele ya wote, linamwagwa, sarafu za kumi kando, za ishirini kando, noti zinanyooshwa, mweka hazina anahesabu kwa sauti na mwingine anarudia kuhesabu kimya. Kiasi kinaandikwa mbele ya namba ya kopo na jina la aliyelibeba, wote watatu wanatia sahihi, ndipo linafunguliwa la pili. Inachosha, hasa Ramadhani baada ya futari watu wakitaka kwenda tarawehe. Lakini daftari hilo ndilo litakalowalinda siku mtu atakapowazushia, na siku hiyo haikosi kuja.

Na kwa kuwa nimetaja Ramadhani: mkiandika kwenye bango kwamba mnapokea zaka, mmejifunga. Zaka ina wapokeaji wanane waliotajwa katika Qur'ani, na kwa wanazuoni wengi haiendi kwenye kujenga msikiti wala kununua mazulia. Wekeni kopo la zaka mbali na la sadaka, na hesabu zake mbali. Mtoaji wa zaka anatimiza faradhi, na mkiipeleka kusikofaa mmemdhulumu katika ibada yake.

Jambo linaloniuma zaidi ni picha. Bango la mtoto amelala kitandani na mirija puani, jina lake kamili, shule yake, ugonjwa wake na namba ya simu ya mama. Watu hulisambaza kwa nia njema. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na inataka taarifa hizo zitumike kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto. Idhini ya mama aliye katika dhiki, akiwa ameambiwa kwamba bila picha hakuna mchango, ni idhini nyepesi sana. Na mtoto yule akipona, akiwa na miaka kumi na sita, ile picha bado itakuwa inazunguka kwenye simu za wanafunzi wenzake. Andikeni jina la kwanza tu, wekeni picha ya mkono wake au msitie picha kabisa, na muweke namba ya kikundi. Makadirio ya hospitali muyaonyeshe kwa anayetaka kuthibitisha, ana kwa ana.

Kuhusu wanasiasa. Kuna wanaodhani kibali hakihitajiki maadamu mgeni rasmi ni mheshimiwa. Hilo limepitwa na wakati. Mwaka 2003, Sheria ya Maadili ya Watumishi wa Umma ilikataza mtumishi wa umma kutumia ofisi yake kama mahali pa kukusanyia harambee au kutumia cheo chake kumshinikiza mtu atoe, na Julai 2024 Rais William Ruto alitangaza kwamba maafisa wa serikali wasishiriki tena harambee. Mwaka huohuo Mswada wa Uchangishaji wa Umma uliwasilishwa Seneti na kiongozi wa walio wengi, Aaron Cheruiyot, ukilenga kuifuta Sura ya 106 na kuzipa kaunti sehemu kubwa zaidi katika kutoa vibali. Kwa hivyo swali la kwanza mkifika ofisi ya Naibu Kamishna liwe hili: leo hii twaomba chini ya sheria gani, na fomu ni ipi? Chifu aandike barua, lakini asiwe mbeba kopo, wala asiitishe watu barazani akawatajia kiasi.

Mkikataliwa, msiondoke na neno la mdomo. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kupewa sababu kwa maandishi pale uamuzi wa ofisi ya umma unapomuathiri, na Sheria ya Utendaji wa Haki wa Kiutawala ya 2015 inaeleza namna ya kudai haki hiyo. Andikeni ombi fupi la sababu, kwa heshima. Mara nyingi sababu itakuwa ndogo, kumbukumbu za kikao hazikuambatishwa au tarehe zimegongana na kikundi kingine, na mtairekebisha ndani ya siku mbili. Upande wa pili, mjue kwamba anayechangisha kwa uongo hashtakiwi kwa kukosa kibali tu: kujipatia mali kwa udanganyifu, kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kina kifungo cha hadi miaka 3.

Limebaki jambo moja ambalo vikundi hulisahau kabisa, nalo ni ziada. Mlilenga shilingi laki nane, zikaingia laki tisa na nusu. Au hospitali ikapunguza bili. Au, Mungu apishe mbali, mtoto akafariki kabla ya siku ya upasuaji. Pesa zile ni za nani? Si za kikundi, na si za familia kwa kutumia wapendavyo, kwa sababu watu walitoa kwa ajili ya upasuaji. Amueni kabla ya kopo la kwanza kutoka, andikeni uamuzi huo ndani ya barua ya maombi na chini kabisa ya bango: ziada itakwenda kwa mgonjwa mwingine wa hospitali hiyohiyo, au kwa gharama za mazishi ikibidi, kisha kilichobaki kwa fulani. Mtoaji akisoma hivyo anajua. Mkimaliza, pelekeni hesabu ya mwisho kwa Naibu Kamishna ikiwa na risiti ya hospitali na taarifa ya benki, na nakala mbandike mahali palepale mliposimama kuchangisha, sokoni, msikitini, kwenye duka la kona, ikae wiki moja watu waisome.